Kupata Tarehe za Majilio, Kwaresima na Pasaka kwa Kalamu na Karatasi

Kila mwaka ikifika Oktoba, maswali huanza katika jumuiya zetu za Kikristo hapa Zanzibar. Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, yanaanza lini? Kwaya ina Jumamosi ngapi za mazoezi kabla ya Krismasi? Jirani zetu Waislamu nao huuliza, kwa kutaka kujua kweli, kwa nini Krismasi haibanduki kwenye tarehe yake ilhali Pasaka ni mara Machi, mara Aprili. Kalenda ya liturujia inayochapishwa Bara ina majibu yote, ila nakala hazitoshi kila jumuiya, na kwa walio Pemba kuna safari nyingine tena ya meli kabla haijawafikia.

Mwongozo huu ni wa katekista, mwalimu wa kwaya, mtunza sakristia, mwenyekiti wa jumuiya, na yeyote anayetaka kuzipata tarehe hizo mwenyewe. Unahitaji kalamu, karatasi, na kalenda ya kawaida ya mwaka unaoutafuta, hata ile ya kwenye simu. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha, kutoa, na kugawanya kidogo. Wakristo wa Unguja na Pemba ni wachache, na tunaishi katikati ya watu wanaoijua kalenda ya dini yao vizuri sana. Naamini ni wajibu wetu kuijua yetu kiasi cha kuweza kumweleza mtu barazani bila kubabaika.

Nguzo mbili

Mwaka wote wa Kanisa umesimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni Krismasi, 25 Desemba, ambayo inafuata mwaka wa jua. Tarehe haibadiliki, kinachobadilika ni siku ya wiki. Ya pili ni Pasaka, ambayo lazima iwe Jumapili, na Jumapili hiyo hutafutwa kwa mwezi. Majilio hupatikana kwa kurudi nyuma kutoka Krismasi. Kwaresima, mfungo wa kabla ya Pasaka, hupatikana kwa kurudi nyuma kutoka Pasaka, na Pentekoste, sikukuu ya kushuka kwa Roho Mtakatifu, kwa kwenda mbele. Nafasi inayobaki kati ya vipindi hivyo ndiyo Kipindi cha Kawaida.

Mtu wa visiwani hana sababu ya kuliona jambo hili gumu. Hapa tumezoea kalenda kadhaa kwa wakati mmoja: ya serikali, ya hijria inayongoja mwezi uandame, na ile ya Nairuzi ya siku 365 ambayo watu wa Makunduchi huifuata kwa Mwaka Kogwa wao. Ya Kanisa inachukua jua na mwezi pamoja, basi.

Tutafuata mfano mmoja, mwaka wa liturujia wa 2027. Andika 2027 juu ya karatasi yako.

Hatua ya 1: Tafuta mwanzo wa Majilio

Mwaka wa Kanisa hauanzi Januari. Unaanza na Dominika, yaani Jumapili, ya kwanza ya Majilio, kwa hiyo mwaka wa liturujia wa 2027 unaanza mwishoni mwa 2026.

Tazama 25 Desemba 2026 ni siku gani. Ni Ijumaa. Rudi hadi Jumapili iliyotangulia, 20 Desemba: hiyo ni Dominika ya nne ya Majilio. Toa siku 21, yaani wiki tatu, unafika 29 Novemba. Hapo ndipo Majilio yanapoanza.

Pa kuwa makini ni mahali pamoja tu. Krismasi yenyewe ikiwa Jumapili, usiihesabu kama Dominika ya nne; rudi hadi 18 Desemba kwanza, kisha uendelee na wiki zako tatu. Kwa kuwa siku za wiki ni saba tu, majibu yote yanayowezekana ni saba, na unaweza kuyabandika mlangoni mwa sakristia yakatumika maisha yako yote:

Krismasi Jumatatu: Majilio yanaanza 3 Desemba.
Krismasi Jumanne: 2 Desemba.
Krismasi Jumatano: 1 Desemba.
Krismasi Alhamisi: 30 Novemba.
Krismasi Ijumaa: 29 Novemba.
Krismasi Jumamosi: 28 Novemba.
Krismasi Jumapili: 27 Novemba.

Ukitaka kuhakiki kwa njia nyingine, Dominika ya kwanza ya Majilio ni ile Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Njia zote mbili lazima zikupe tarehe moja.

Utaona pia kwamba Majilio hayana urefu mmoja. Yanaweza kuwa siku 28 kamili, kama Krismasi ikiwa Jumapili, au siku 22 tu ikiwa Jumatatu. Hilo lina uzito kwa wanaotayarisha kanisa. Mwaka 2028 Krismasi itakuwa Jumatatu, kwa hiyo Dominika ya nne ya Majilio ni 24 Desemba: asubuhi ni rangi ya zambarau na mshumaa wa nne, jioni ileile ni rangi nyeupe na Misa ya mkesha wa Noeli. Wapambaji watakuwa na saa chache za mchana, na maua yanapaswa kuwa yamekwisha nunuliwa tangu Jumamosi. Mwaka kama huo nashauri kwaya ianze mazoezi ya nyimbo za Noeli mapema Novemba, kwa sababu wiki ya nne ya Majilio haipo kabisa, ipo Jumapili yake tu.

Kanuni hii si ya Wakatoliki peke yao. Waanglikana na Walutheri wanaifuata vilevile. Minara Miwili, yaani Kanisa Kuu letu Katoliki, na Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, yanawasha mshumaa wa kwanza wa Majilio Jumapili moja. Kutoka kanisa moja hadi jingine ni mwendo mfupi kwa miguu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na wakati huo wa mwaka tunasubiri pamoja. Nalipenda sana jambo hilo.

Neno moja kuhusu saa. Jumapili ya Kanisa huanza Jumamosi jioni, kwa Masifu ya Jioni ya kwanza. Hapa kwetu si jambo geni, maana hata kwa Waislamu siku mpya huingia magharibi, na mtu akikwambia usiku wa Ijumaa huenda anakusudia Alhamisi baada ya jua kuzama. Lakini tangazo husomwa na watu wa kila aina, wakiwemo waliotoka Bara juzi kufanya kazi hotelini. Usiandike “usiku wa Jumapili.” Andika “Jumamosi jioni, saa kumi na moja,” pamoja na tarehe.

Hatua ya 2: Tambua kama ni Mwaka A, B au C

Masomo ya Jumapili yanazunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka, Yohane anasomwa zaidi wakati wa Pasaka, na pia kujazia Mwaka B kwa kuwa Marko ni mfupi. Jumlisha tarakimu za mwaka kisha gawa kwa 3. Baki ni 1, ni Mwaka A. Baki ni 2, ni B. Hakuna baki, ni C. Kwa 2027: 2 + 0 + 2 + 7 ni 11, ukigawa kwa 3 inabaki 2, basi ni Mwaka B. Kumbuka Mwaka B huo unaanza tarehe ileile ya 29 Novemba 2026, si Januari. Msomaji anayefungua kitabu cha masomo asichelewe kubadilisha. Masomo ya siku za kazi ni mepesi zaidi: mwaka usiogawanyika kwa mbili ni Mwaka wa I, unaogawanyika ni wa II.

Hatua ya 3: Tafuta Pasaka

Hii ndiyo hatua inayowatisha wengi, na ndiyo nzuri kuliko zote.

Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, uliamua Wakristo wote waadhimishe Pasaka siku moja. Kanuni tunayotumia ni kwamba Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia 21 Machi au baada yake. Tarehe hiyo ya Machi inasimamia wakati ambapo usiku na mchana vinalingana. Mwezi mpevu ni siku ya 14 ya mwezi mwandamo. Mwezi mpevu ukiangukia Jumapili, Pasaka husogezwa hadi Jumapili inayofuata. Kwa hiyo Pasaka haiwezi kutangulia 22 Machi wala kuzidi 25 Aprili.

Sasa, tofauti kubwa kati yetu na jirani zetu: wao hungoja mwezi uonekane, sisi tunatumia mwezi wa hesabu uliopangwa kwenye jedwali karne nyingi zilizopita na kurekebishwa pamoja na kalenda ya Papa Gregori wa XIII mwaka 1582. Mara chache jedwali na mbingu havipatani. Mwaka 2019 mwezi ulikuwa mpevu angani alfajiri ya 21 Machi, na mtu angetazamia Pasaka Jumapili ya 24 Machi. Jedwali lilikuwa limeuweka mwezi huo siku moja nyuma, kabla ya mpaka, kwa hiyo Kanisa likangoja mwezi uliofuata na Pasaka ikawa 21 Aprili. Usitoke nje kutazama mbalamwezi ukadhani umeipata Pasaka; fuata jedwali.

Jedwali linategemea mzunguko wa miaka 19, kwa sababu miaka 19 ya jua inakaribia sana kulingana na miezi mwandamo 235. Gawa mwaka kwa 19, chukua baki, ongeza 1. Namba hiyo huitwa namba ya dhahabu. Kisha soma mwezi mpevu wa Pasaka hapa. Jedwali hili ni sahihi kuanzia 1900 hadi 2199:

1: 14 Aprili. 2: 3 Aprili. 3: 23 Machi. 4: 11 Aprili. 5: 31 Machi. 6: 18 Aprili. 7: 8 Aprili. 8: 28 Machi. 9: 16 Aprili. 10: 5 Aprili. 11: 25 Machi. 12: 13 Aprili. 13: 2 Aprili. 14: 22 Machi. 15: 10 Aprili. 16: 30 Machi. 17: 17 Aprili. 18: 7 Aprili. 19: 27 Machi.

Kwa mfano wetu: 2027 ukigawa kwa 19 unapata 106 na baki 13. Ongeza 1, namba ya dhahabu ni 14. Mwezi mpevu ni 22 Machi, ambayo ni Jumatatu. Jumapili inayofuata ni 28 Machi 2027. Hiyo ndiyo Pasaka.

Tazama pia 2025, kwa sababu inaonyesha ile kanuni ya Jumapili. Namba ya dhahabu ilikuwa 12, mwezi mpevu 13 Aprili, na siku hiyo ilikuwa Jumapili. Pasaka ikasogea hadi 20 Aprili.

Kutokana na hayo unaweza kumjibu jirani. Pasaka huangukia daima kati ya siku ya 15 na ya 21 ya mwezi mwandamo wa hesabu, kwa hiyo huji kuiona Pasaka na mwezi mchanga. Ramadhani inazunguka mwaka mzima, kwa sababu miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 au 355 na hakuna kinachoizuia kurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Pasaka nayo inataka kurudi nyuma vivyo hivyo, lakini ikitaka kuivuka 21 Machi, inarukishwa mwezi mmoja mbele.

Waorthodoksi wengi hutumia kalenda ya Juliasi kwa Pasaka, ndiyo maana yao mara nyingi huja baadaye. Mwaka 2025 zilikutana.

Hatua ya 4: Hesabu kutoka Pasaka

Weka kidole kwenye 28 Machi 2027.

Kurudi nyuma: toa siku 46 upate Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, 10 Februari. Watu huuliza kwa nini 46 wakati tunasema siku arobaini. Jumapili sita zilizomo hazifungwi, maana kila Jumapili ni kumbukumbu ya Ufufuko. Toa siku 7 upate Jumapili ya Matawi, 21 Machi. Alhamisi Kuu ni 25 Machi, Ijumaa Kuu 26. Kwaresima inakoma Alhamisi Kuu jioni, Misa ya Karamu ya Bwana inapoanza, na hapo tunaingia katika Siku Tatu Kuu. Ukirudi nyuma kuvuka Februari, angalia kama mwaka ni mrefu. Siku ya 29 imeharibu hesabu nyingi.

Kwenda mbele: ongeza siku 39 upate Kupaa Bwana, Alhamisi 6 Mei, ambayo mahali pengi huhamishiwa Jumapili inayofuata. Ongeza 49 upate Pentekoste, 16 Mei. Jumapili inayofuata ni Utatu Mtakatifu, 23 Mei. Mwili na Damu ya Kristo ni Alhamisi ya 27 Mei, au Jumapili ya 30 Mei pale inapohamishwa. Moyo Mtakatifu ni Ijumaa, 4 Juni.

Hatua ya 5: Jaza Kipindi cha Kawaida

Kipindi cha Noeli kinafungwa na Ubatizo wa Bwana, kwa kawaida Jumapili inayofuata 6 Januari. Mwaka 2027 ni 10 Januari. (Pale Epifania, sikukuu ya 6 Januari, inapoadhimishwa Jumapili, na Jumapili hiyo ikawa 7 au 8 Januari, Ubatizo huwa kesho yake Jumatatu.) Juma la 1 la Kipindi cha Kawaida linaanza Jumatatu, 11 Januari. Endelea: 17 Januari ni Dominika ya 2, 24 ya 3, 31 ya 4, 7 Februari ya 5. Jumatano ya Majivu inakata juma la 5 katikati.

Baada ya Pentekoste unaendelea na juma la ngapi? Hapa wengi hujibu “la 6” na hukosea. Usihesabu kwenda mbele. Anza mwisho: Kristo Mfalme ni Dominika ya 34 kila mwaka, nayo ni Jumapili moja kabla ya Majilio. Majilio yanayofuata yanaanza 28 Novemba 2027, kwa hiyo Kristo Mfalme ni 21 Novemba. Kutoka Pentekoste, 16 Mei, hadi 21 Novemba ni siku 189, yaani wiki 27. Toa 27 kwenye 34, unapata 7. Kwa hiyo Jumatatu ya 17 Mei ni juma la 7, na juma la 6 limerukwa mwaka huo. Hakuna kosa, miaka mingine ina majuma 33 badala ya 34.

Waanglikana wanaofuata vitabu vya zamani huhesabu Jumapili hizo kuanzia Utatu Mtakatifu, kwa hiyo namba zao zitatofautiana na hizi ingawa tarehe ni moja.

Rangi zinafuata vipindi: zambarau Majilio na Kwaresima, nyeupe Noeli na Pasaka, kijani Kipindi cha Kawaida, nyekundu Matawi, Ijumaa Kuu na Pentekoste. Waridi ni Dominika ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima, kama parokia inayo.

Hatua ya 6: Tafuta sikukuu zinazogongana

Pitia sherehe kubwa zenye tarehe maalumu uone kama zimeangukia Dominika za Majilio, Kwaresima au Pasaka, au Juma Kuu. Zikigongana, kwa kawaida zinahama.

Mwaka 2027, Kupashwa Habari Bwana, 25 Machi, kunaangukia Alhamisi Kuu. Oktava ya Pasaka, yaani siku nane kuanzia Pasaka yenyewe, nayo haiguswi, kwa hiyo sherehe inahamia Jumatatu 5 Aprili. Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa Kanisa Kuu letu la Minara Miwili, ni 19 Machi: mwaka 2027 ni Ijumaa kabla ya Matawi, iko salama. Mwaka 2028 itakuwa Jumapili ya Kwaresima, basi inahamia Jumatatu, 20 Machi. Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, 8 Desemba, ikiwa Jumapili huhamia tarehe 9, ambayo ni Siku ya Uhuru na watu hawako kazini. Hivyo ndivyo itakavyokuwa 2030, na parokia itapata nafasi nzuri ya Misa ya mchana.

Hatua ya 7: Iweke karatasi yako juu ya maisha ya visiwani

Chukua kalenda ya hijria uiweke kando. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuingia wiki ileile ya Jumatano ya Majivu, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi. Sehemu ya kwanza ya Kwaresima yetu itakuwa ndani ya Ramadhani. Mikutano ya jumuiya iliyozoeleka magharibi isogezwe, kwa sababu wakati wa kufuturu njia zinajaa na daladala zinapungua. Hafla za parokia zenye chakula zisiwekwe mchana mahali pa wazi. Mwaka 2028 mambo yanabadilika, Ramadhani itakuwa imekwisha siku chache kabla ya Majivu, na mwishoni mwa 2030 itaanza karibu na Krismasi yenyewe.

Angalia na mvua. Pasaka ya mwisho wa Machi huwa mwanzoni mwa masika; ya baada ya katikati ya Aprili huwa katikati ya mvua kubwa, na moto wa mkesha unaowashwa nje unahitaji turubai na kuni zilizokaa kavu. Pemba, Majilio mara nyingi hukuta karafuu bado zinachumwa na kuanikwa. Katekista wa Wete au Chake Chake anajua kwamba mafungo ya siku ya kazi hayatapata watu. Ayaweke Jumapili baada ya Misa.

Mwisho, mwonyeshe paroko karatasi kabla ya kuitangaza, kwa sababu uamuzi wa sikukuu zipi zihamishiwe Jumapili ni wa maaskofu.

Jipime kwa mwaka 2028 bila kutazama majibu. Majilio yanaanza 28 Novemba 2027. Mwaka C. Namba ya dhahabu 15, mwezi mpevu Jumatatu 10 Aprili, Pasaka 16 Aprili. Jumatano ya Majivu 1 Machi, ndani ya juma la 8. Pentekoste 4 Juni. Kristo Mfalme 26 Novemba, kwa hiyo baada ya Pentekoste tunaanza juma la 9, na mwaka huo hakuna juma linalorukwa. Majilio yanayofuata, 3 Desemba.